Mikanda Saba kwa Shingo Moja

Wewe ungemfikiriaje mteja ambaye amekwisha nunua mikanda saba ya mbwa, yote ya kipimo kimoja, analipa kabla hajaambiwa alipe, na tangu aanze hajatuma picha ya hata mkia wa huyo mbwa?

Saa mbili asubuhi, mwanamke ambaye mtaa mzima unamwita Mama Mikanda ameketi katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Ngozi ameibana kwa magoti, sindano mbili ziko mkononi, na anamfikiria mteja huyo vibaya. Simu ameilaza kifudifudi juu ya boksi la pete za chuma. Kila baada ya mishono kumi anaigeuza, anaichungulia, anailaza tena.

"Leo siku ya tatu," anasema. "Nimemwandikia, bila picha hakuna mkanda wa nane. Sasa mtu mwenye mbwa anashindwa nini kumpiga mbwa wake picha?"

Chumba hiki kilikuwa cha kulia chakula. Meza ni ileile, ila sasa imejaa vipande vya ngozi anavyovichukua kwa mafundi wa sofa, vilivyobaki kwenye ukataji, amevipanga kwa rangi kuanzia nyeusi mpaka ile inayofanana na chai ya maziwa. Rula ya mbao ipo, tarakimu zake za mwanzo zimefutika kwa kushikwa. Msharasi, kile chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi, umelala juu ya kitambaa kilichokunjwa mara nne.

Ukutani kuna misumari. Upande wa kushoto inaning'inia mikanda ya mbwa na kamba za kuwaongozea. Upande wa kulia ni ya paka, kila mmoja na kengele ndogo kama punje ya njegere. Kifungo cha mkanda wa paka huachia chenyewe kikivutwa kwa nguvu. Paka akinasa mahali, anakwenda zake na mkanda unabaki.

Viti ni viwili. Kimoja anakalia yeye. Cha pili kipo dirishani, mahali penye mwanga mzuri kuliko kote, na kina mto. Hakuna anayekikalia. Amekiwekea mifuko.

Vitu hivi vyote anaviuza mtandaoni, na namna anavyowapata wateja ilianza kwa kuibiwa.

Miaka miwili iliyopita alikuwa akiweka picha za mikanda kwenye ukurasa wake kama wanavyofanya wenzake wengi. Siku moja akaona ukurasa mwingine wenye picha zilezile, mpaka ile ambayo pazia lake la maua lilionekana kwa nyuma. Waliofungua ukurasa ule walipokea pesa za watu na hawakutuma kitu. Waliotapeliwa wakamvamia yeye. Mama mmoja alimwombea aumwe na kila mbwa atakayekutana naye njiani. Wafuasi elfu mbili wakapungua, wakabaki mia tatu na kitu.

Alikaa wiki mbili bila kugusa sindano. Aliporudi, alirudi na sharti.

Anayetaka mkanda lazima amzungushie mnyama wake kamba shingoni, apenyeze vidole vyake viwili chini ya kamba, apige picha, atume. Vidole vikipita kwa raha, hicho ndicho kipimo. Vikibanwa, mnyama atakabwa. Vikicheza, mkanda utavuka kichwani siku ya kwanza. Mkanda ukishakamilika, Mama Mikanda huweka ukurasani picha mbili pamoja: ya vidole, na ya mkanda.

"Niliona hivi," anaeleza, "picha ya mkanda mtu anaweza kuiba. Lakini ile yenye vidole, vidole vina mwenyewe. Ukiiba, mwenyewe atasema, hee, huyo si mbwa wangu?"

Alitaka kujikinga tu. Watu wakazipenda. Kuna paka aliyepigwa picha amenuna kama amefumaniwa, watu mia nne wakamcheka. Kuna mbwa mzee aliyesinzia huku anapimwa. Wengine wananunua ili mnyama wao naye aonekane. Leo ukurasa una wafuasi zaidi ya elfu nne. Kwa mwezi anauza mikanda hamsini mpaka sitini, na akishatoa ngozi, uzi na pete, kinachobaki ni kama nusu ya mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi.

Sharti hilo amelivunja mara moja tu, kwa huyu wa mikanda saba.

"Kosa langu," anasema. "Ilikuwa wiki ya mvua, sina oda hata moja. Akaja, hana salamu, kaandika kwa herufi kubwa tupu: MKANDA MWEUSI SENTIMITA 38. Pesa ikaingia hapohapo. Nikasema ngoja, picha atatuma baadaye."

Hakutuma. Akaagiza wa pili, wa tatu. Ukurasa wake mteja hauna kitu, na mahali pa sura kuna picha ya mlango uliofungwa. Kwenye wa tano Mama Mikanda alimuuliza ana mbwa wangapi. Likaja jibu: MMOJA. Akauliza ile mingine imekwenda wapi. IMEHARIBIKA.

"Mbwa gani huyo, anakula mikanda?" anadakia wifi yake, dada wa mumewe, ambaye yuko sakafuni anakunja mifuko ya kufungia mizigo. Yeye ana shaka za aina nyingine. "Mwanamume anayenunua mikanda saba bila mbwa hanunui mikanda, wifi. Kaka yangu akirudi safari nitamwambia mkewe kapata wa kumpenda kwa sentimita thelathini na nane."

"Mwambie. Na umwambie anayelipa ni huyo huyo."

Mama Mikanda anacheka kidogo, lakini mkono unakwenda tena kwenye simu.

Hofu yake iko kwenye fundo. Mafundi wengi wa ngozi, wakimaliza mshono, hufunga fundo upande wa ndani. Kwenye kiatu si neno, soksi italipokea. Kwenye shingo ya mnyama fundo hilo linasugua usiku na mchana, manyoya yanakatika, ngozi inachubuka. Yeye amelitafutia pa kujificha, katikati ya tabaka mbili za ngozi, pasipogusa chochote. Ilimchukua mwaka mzima kulipata. Halionekani kwenye picha yoyote, na ndilo linalowafanya wenye mbwa warudi.

"Huyu ananunua afumue," anasema kwa sauti ya chini, kana kwamba mteja yuko nyuma ya mlango. "Anatafuta fundo langu. Akilipata, mwezi ujao nitaona ukurasa wenye mikanda yangu, safari hii si picha tu, na mikanda yenyewe. Nikifa mara ya pili sitaamka."

Alijaribu kumvizia. Mizigo yake mteja huchukuliwa kwa wakala wa jirani na soko, basi Mama Mikanda akauacha mkanda wa sita pale, akavuka barabara, akaketi saluni akiangalia. Ili asionekane wa ajabu ikabidi asukwe. Alisukwa kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, nywele ambazo zilikuwa na siku nne tu tangu zisukwe. Hakutokea mtu. Mkanda ulichukuliwa kesho yake, na wakala akasema aliyekuja ni mwanamke, basi.

Kuna jambo jingine linalomkosesha utulivu. Daktari wa mifugo ameuona ukurasa wake na anataka mikanda arobaini ya mbwa, yenye pete ya kuning'iniza kibati cha chanjo, mwisho wa mwezi. Jibu analitaka Ijumaa. Leo ni Jumatano. Mama Mikanda kwa siku anatoa mikanda miwili, ikizidi sana mitatu, na wateja wa kila siku wapo palepale. Hajawahi kupata oda kama hiyo, na akiikosa, daktari atakwenda kwa wale wa mikanda ya plastiki.

Wifi anamwambia atafute mtu wa kumsaidia kushona.

"Nani? Nimwoneshe fundo leo, kesho ana ukurasa wake?"

"Basi kile kiti unamwekea nani?"

Mama Mikanda anainamia ngozi yake, anavuta uzi.

Simu inalia saa tatu na dakika kumi. Picha imeingia. Wifi ndiye anayeiwahi. Kuna mbwa wa rangi ya udongo, mdomo wazi, kamba shingoni, na vidole viwili chini ya kamba kama sharti linavyotaka.

"Haya, mbwa yupo," wifi anasema, na unaweza kusikia kwamba amekata tamaa kidogo.

Mama Mikanda hamtazami mbwa. Anaivuta picha ikue, anaivuta tena. Kidole cha shahada kimepinda kwenye kiungo cha juu. Ukucha wa kile cha kati umepasuka kwa urefu kuanzia shinani, ukaota hivyohivyo, na pembeni una weusi wa rangi ya viatu usiotoka kwa sabuni. Kamba yenyewe ni uzi uliopakwa nta.

"Vidole hivi navijua," anasema, na sauti imembadilika. "Huo ukucha ulipasuka mimi nipo. Nilimmiminia maji mimi."

Ni vidole vya Mzee Kiraka.

Mzee Kiraka ni fundi viatu mtaa wa pili. Jina alilipata kwa sababu hakuna kiatu alichowahi kukitangaza kimekufa. Vyote kwake vilihitaji kiraka tu. Mama Mikanda aliingia kwake akiwa na miaka kumi na tisa, hajui kushika sindano, akakaa miaka tisa. Kushona kwa sindano mbili alifundishwa naye. Siku aliyoaga kwamba anakwenda kutengeneza mikanda ya mbwa na paka, mzee alimwambia mbele ya wateja aende akawavishe mbwa mikufu wakati watu wanatembea pekupeku. Naye akajibu kwamba heri mbwa, hakopi viatu akakimbia. Hawajasemeshana tangu siku hiyo. Ni miaka mitatu.

Sasa anavaa ndala, anafunga mlango kwa kufuli, anarudi kuhakikisha kama kufuli limefunga. Wifi anafuata nyuma. Hawezi kulikosa hili.

"Kumbe ni yeye," Mama Mikanda anasema njiani. "Alinicheka. Sasa viatu vimemshinda, anataka kunila kwenye mikanda."

Karakana ya Mzee Kiraka imebanwa na duka la viatu vya plastiki, jozi moja bei yake ni chini ya soli atakayobandika yeye. Rafu ina viatu ambavyo wenyewe hawakurudi, vimeshika vumbi kwa kulingana. Mlango wake, kwa kuwa sasa anajua, ni uleule uliofungwa kwenye ukurasa wa mteja, mahali pa sura.

Mzee amekaa kwenye stuli, mikono magotini, hana kazi mkononi. Ukutani nyuma yake, kwenye msumari mmoja, inaning'inia mikanda saba myeusi. Yote imefumuliwa. Mingine imeshonwa upya ikafumuliwa tena, matundu yamepanuka. Chini, juu ya meza, kuna kalibu ya buti, ule mguu wa mbao wa kushonea viatu, imezungushiwa uzi uliopakwa nta. Mama Mikanda hahitaji rula kujua huo uzi ni wa sentimita ngapi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Na huyo nani?"

"Wifi yangu. Mbwa yuko wapi?"

"Wa jirani. Nimemrudisha." Anakitazama kidole chake chenye ukucha uliopasuka, anakificha ndani ya kiganja. "Mkwe wangu ndiye anaandika kwenye simu. Na kuchukua mizigo. Mimi hayo mambo siyawezi."

Mama Mikanda anautoa mkanda mmoja msumarini, anaugeuza, anapitisha kidole kwenye ukingo uliochanwa. Yeye ni mtu aliyeibiwa, na anauliza kama aliyeibiwa. Anataka kujua ukurasa wa kuuza ameshafungua au bado, na huyo mkwe amepiga picha ngapi.

Mzee anasema hakuna ukurasa. Anasema wiki iliyopita alipata viatu viwili, na kimoja kilikuwa cha mtu aliyekuwa anapita, kamba imekatika. Anasema mkanda wa kwanza aliununua ili auone ubaya wake. Akautafuta ubaya jioni nzima hakuuona.

"Nikatafuta fundo," anasema. "Nikifika lilipo nakuta nimeshalikata. Nikanunua mwingine. Mara saba. Mimi niliyekufundisha kufunga fundo."

"Kwa nini hukuja kuuliza?"

Mzee anainua kalibu, anaifuta vumbi kwa kiganja, anairudisha palepale. Nje kuna mtu anauliza bei ya ndala za plastiki.

"Daktari wa mifugo anataka mikanda arobaini," Mama Mikanda anasema, bado ameushika ule mkanda kama ushahidi. "Mwisho wa mwezi. Mkono mmoja haufiki. Mimi nilikuwa na mpango wa meza mbili, ukurasa uwe na kazi ya watu wawili. Lakini simwoneshi fundo mtu asiyeniambia anataka nini. Basi niambie, Mzee. Ulikuwa unataka nini?"

Mzee anavikunjua vidole vyake vyote, vile viwili pia, anaviweka mezani wazi.

"Nilitaka unifundishe, binti yangu," anasema. "Na kama una mahali penye mwanga, macho yangu haya, nilitaka kukaa dirishani."