Baba Yake Jivu Alikuwa wa Wapi?

Jirani akiwasha jenereta, ule moshi wake wa petroli hunirudisha Lubao, kwenye kibanda cha video cha Mjomba Shikuku, na kutulia siwezi tena. Naamka, nafunga dirisha, nalifungua.

Shikuku hakuwa ndugu wa mama tumbo moja. Alikuwa wa ukoo wao tu, na kwa kuwa mimi nililelewa kwa kukhu, nyanya yangu mzaa mama, wanaume wote wa ukoo ule walikuwa wajomba zangu. Jumapili baada ya kanisa alituwekea filamu za vita vya angani, akashika maikrofoni na kututafsiria. Kila mbaya alimpa sauti ya mtu mwenye mafua, na kila s ilipiga mbinja kwenye mwanya wa meno yake. Tulimpenda kufa.

Mbaya mkuu tulimwita Jivu, maana sayari aliyoipitia ilibaki majivu. Ugomvi wetu ulikuwa juu ya baba yake. Katika filamu ya kwanza, malkia mama yake alisema, kwa kinywa cha Shikuku, kwamba baba ni mtu wa mbali. Binamu yangu Nekesa akaapa amesikia “wa mbari,” yaani wa ukoo ule ule wa malkia. Kwetu r na l hubadilishana viti zinavyotaka, kwa hiyo nani angeamua? Filamu ya pili ikamtaja mfalme wa jua jingine. Ya tatu ikasema ni mlinzi wa malkia, mtu wa nyumbani kabisa. Nekesa alinichapa ndala kwa ajili ya mlinzi huyo.

Nami sikukubali. Nilitaka awe wa mbali, na nilikuwa na sababu. Nilipomuuliza kukhu kuhusu babangu, alikuwa akisonga obusuma, na hakugeuka. “Ni mtu wa mbali, mama. Nawa mikono ule.” Hivyo ndivyo nilivyosikia. Tangu siku hiyo, kila gari likisimama sokoni nilikimbia kuwakagua abiria, nikitafuta mwanamume mwenye mwanya kama wangu.

Jumapili moja uvumilivu ukanishinda. Nikasimama mbele ya skrini.

“Mjomba, sema ukweri. Babake Jivu ni wa mbali ama wa mbari?”

Kibanda kizima kikazomea. Shikuku akashusha maikrofoni, na ile sauti ya mafua ikapotea.

“Hiyo sinema ni ya uongo,” akasema polepole. “Mtu hazaanangi na mtu wa ukoo wake. Ni mwiko. Kaa chini, mama.”

Filamu ikaendelea kwa Kiingereza chake, bila mtafsiri. Nilikasirika sana. Nilidhani amenidharau mbele ya watu.

Mwaka jana tulimzika. Kukhu, ambaye sasa hutembea kwa fimbo, alinishika mkono akanipitisha katikati ya waombolezaji, akanisimamisha kwenye mstari wa watoto wa marehemu. Hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi.

“Kukhu, uliniambia wa mbali.”

“Nilikwambia wa mbari,” akasema. “Wewe ndiye ulikuwa unakimbianga barabarani.”

Nililia kwa hasira kabla ya kulia kwa huzuni. Utoto wangu wote nilikagua nyuso za wasafiri, na nyuma yangu, ndani ya kibanda, baba alikuwa akiongea kwenye maikrofoni.