Goti la Mzee na Ukuta wa Mallorca

Jirani yangu wa Vårby gård, kitongoji cha Stockholm, alikuwa na barua tatu chini ya televisheni, zote kutoka hospitali, zote zikimwuliza jambo moja: anakubali kubadilishiwa goti la kulia au hakubali? Mbili za kwanza hakuzijibu. Ya tatu ilisema asipojibu kufikia mwisho wa mwezi, jina lake litatolewa kwenye foleni. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyemsomea. Si kwamba hajui Kiswidi. Ameendesha treni za chini ya ardhi Stockholm zaidi ya miaka ishirini, na Kiswidi anakijua kuliko mimi. Alitaka tu mtu mwingine aishike ile karatasi.

"Soma hapo mwisho tena," aliniambia.

Nikasoma.

"Sasa irudishe ulipoitoa."

Mzee huyu ni Mkiga wa Kabale, kule kwenye milima iliyolimwa matuta, kusini magharibi mwa Uganda. Aliikimbia nchi akiwa kijana, akaishi Nairobi miaka kadhaa, na Kiswahili chake alikiokota huko. Mimi ni mtu wa Tanga. Shule niliiacha kidato cha pili, na tangu hapo sijatulia. Nimeosha vyombo, nimesafisha mabehewa, nimechuma matunda ya porini huko kaskazini. Kihispania changu chote nilifundishwa na mpishi mmoja Mbolivia aliyekuwa akinitukana kwa upendo juu ya masufuria.

Mzee aliogopa kisu kwa sababu ya rafiki yake wa Hallunda. Rafiki huyo alikuwa mcheza ngoma wa kila harusi, akafanyiwa upasuaji wa goti, na sasa kazi yake ni kukaa dirishani. "Walimkata, wakamshona, wakamkalisha," mzee alikuwa akisema, na mazungumzo yanaishia hapo.

Ndipo binti yake akaja kwangu kutoka Vällingby. Baba humsemesha kwa Kikiga, yeye humjibu kwa Kiswidi, na hakuna kati yao anayeona ajabu. Nami akanisemesha kwa Kiswidi hichohicho.

"Kaka, nenda naye Mallorca wiki moja. Nimeshapata nyumba. Iko mlimani, ina ngazi nyingi sana. Akizipanda mwenyewe ataelewa."

"Na akikasirika, dada?"

"Ameshakasirika tayari. Wewe mpeleke tu."

Mallorca, kisiwa cha Uhispania, sikuwa nimefika. Kwangu hiyo ilikuwa sababu ya kutosha.

Waswidi tulioshuka nao kwenye ndege walielekea ufukweni na taulo zao. Sisi tukapanda basi la kwenda upande wa kaskazini magharibi, ambako milima inateremka hadi baharini bila kuacha hata nafasi ya kutandika mkeka. Barabara ilipinda hadi nikafumba macho. Nilipoyafumbua, mzee alikuwa ameushika mgongo wa kiti cha mbele kwa mikono miwili. Nje, kuanzia karibu na maji hadi kule juu mawinguni, mlima mzima ulikuwa umekatwa matuta ya ngazi, kila tuta limezuiwa na ukuta wa mawe, na juu ya kila ukuta kuna mizeituni.

"Banange!" akasema. "Nani amewaletea hawa Kabale?"

Tangu hapo hakulitaja goti tena. Lakini ngazi za nyumba yetu alizishuka kinyumenyume, kama mtu anayeteremka kutoka darini, na kila nilipomtazama alisema anaangalia mandhari.

Chini ya nyumba hiyo palikuwa na shamba ambalo ukuta wake ulikuwa umepasuka kwa mvua. Sehemu pana kama urefu wa watu watatu waliolala ilikuwa imeanguka, na udongo umemwagika njiani. Kila asubuhi mzee alisimama pale na kusonya. Siku ya tano nilikwenda kununua mkate, na niliporudi nilimkuta na kijiko cha kupakulia cha mwenye nyumba. Alikuwa ameng'oa mafungu ya nyasi ngumu za mlimani na kuyapanda kwa mstari kwenye ukingo uliobaki.

"Mzee, shamba la watu!"

"Linabomoka likiwa la watu. Kwetu tuta linashikwa na mizizi. Mama yangu alipanda nyasi za mabingobingo ukingoni, na mvua ikashindwa."

Mwenye shamba akatokea: mama mfupi, mwenye aproni na glavu, umri wake si chini ya wa mzee. Alizitazama nyasi. Akang'oa fungu la kwanza, akalitupa. Akang'oa la pili. Mzee akaliokota la kwanza na kulirudisha shimoni. Mama akaling'oa tena. Kisha akanigeukia mimi, kwa Kihispania.

"Mwambie babu yako anauua ukuta wangu."

Akanieleza, nami nikatafsiri kama nilivyoweza. Ukuta huu hauna saruji. Unasimama kwa mawe kuegemeana, na maji lazima yapite katikati yake. Mzizi ukiingia hunenepa, hulisukuma jiwe, na mvua humaliza kazi. Kila mwaka yeye hung'oa nyasi hizohizo kwa mkono, ukuta baada ya ukuta.

"Mwulize," mzee akasema, "kama mizizi ni adui, udongo wake unashikwa na nini?"

Mama akafurahia swali hilo, nikaona. Akamwonyesha mawe madogo yaliyojazwa nyuma ya makubwa. "Aje nimwonyeshe."

Ili kupanga safu ya chini ni lazima upige magoti. Mzee alipiga magoti. Nilitaka kumzuia, akanikata jicho. Alilaza jiwe, mama akalitoa, akaligeuza ncha ndefu iingie ndani, akaligonga. La pili vilevile. La tano hakulitoa.

"Anafundisha kama mama yangu," mzee akaniambia, jasho likimtiririka. "Hakuna kusifiwa."

Kabla ya saa sita mchana mzee alikuwa amepanga safu tatu, mama akimsimamia. Mzee akataka kuinuka. Goti likakataa. Akashika ukuta ajivute, jiwe likachomoka, na karibu kazi yote ya asubuhi ikaporomoka mbele yake. Mimi nilimshika makwapani, mama akamshika mkanda, tukamwinua. Hakututazama. Alikuwa akiyatazama mawe.

Mama akaleta kreti tupu, akaipindua, akamkalisha.

"Mnaondoka lini?"

"Kesho kutwa," nikasema.

"Basi nani atamaliza? Mimi siweki jiwe juu ya jiwe la mtu. Kila mkono una namna yake ya kulaza, ukichanganya ukuta unaota kitambi. Aliyeanza amalize."

Nilipomtafsiria, mzee aliliokota lile jiwe lililochomoka, akalipangusa. Kisha: "Mwulize mvua zao zinaanza lini."

"Vuli," mama akajibu. Tulikuwa bado mwezi wa nne.

"Ile barua," mzee akaniambia, "ilisema baada ya miezi mingapi mtu anapiga magoti?"

"Haikusema habari za kupiga magoti."

"Basi uliisoma vibaya. Lete simu."

Akapiga hospitali akiwa juu ya kreti, kwa ile sauti yake ya kutangaza vituo. Akamwuliza muuguzi swali hilohilo. Nilisikia jibu: kutembea na kupanda ngazi watu wengi huweza baada ya miezi kadhaa, ila kupiga magoti, hilo hawezi kumwahidi. Mzee akatazama safu zilizoanguka.

"Na kukaa kwenye kreti?"

Kukaa hakuna tatizo, muuguzi akasema. Nadhani alidhani hakusikia vizuri.

"Basi andika ndiyo."

Akanirudishia simu. "Vuli tunarudi. Safu ya chini utapiga magoti wewe, mimi nitakuonyesha jiwe."

Sijawahi kurudi mahali popote mara ya pili, na nilimweleza mama hivyo, nikitumaini labda sheria yake itaniokoa.

"Mkono wake, magoti yako," akasema. "Inaruhusiwa."

Binti wa mzee hadi leo anaamini ni zile ngazi zilizomfanya akubali. Hatujambishia. Siku ile mzee alibaki kwenye kreti, akanipa kile kijiko, akanionyesha kwa kidole fungu moja la nyasi ambalo mama alikuwa hajaliona. Nikaenda kuling'oa.