Nahodha Aliyefunga Mlango

Mhariri, jina langu lifiche, maana kuanzia Rwamgasa hadi Buseresere hakuna asiyenijua. Nina miaka arobaini na sita, nimeishia darasa la nne, ni mchimbaji wa dhahabu. Chatu nimeshamuua kwa sururu, na mashahidi wapo.

Hapa kwetu mnunuzi mmoja wa dhahabu ana video na jenereta. Kila Jumapili baada ya misa tunaangalia kanda za watu wanaosafiri angani, na mkalimani ni mimi. Kiingereza sikijui kivile, lakini nikitafsiri watu wananishukuru kwa kelele, "Wabeja, mjomba!"

Kanda ya saba ndiyo kiboko yao. Ile niliielewa yote bila Kiingereza. Chombo kinatoboka, nahodha anakimbia, anafunga mlango wa chuma, mwenzake anabaki upande wa pili akigonga. Nahodha anarudi kwao, anamdanganya dada wa marehemu kwamba alipigana hadi mwisho. Hakuna zimwi wala bunduki, ni uso wake tu wakati yule dada anampa chai. Picha nzuri kama ile sijaona. Lakini mke wangu alikuwa amekaa mbele, basi nikawaambia watu nahodha anapambana na majoka ya mwezini kumwokoa mwenzake.

Baadaye kanda ikarudiwa nikiwa safarini, akatafsiri mwalimu mmoja. Tangu hapo mke wangu, Mama Kulwa (jina nimelibadili), amebadilika. Nikiingia ananiwekea chai, anakaa kunitazama ninavyoinywa.

Juzi akaniuliza, "Baba Kulwa, picha uliyoiona kwa macho yako, ulitudanganya ya nini?"

Nikasema, "Mwongo ni huyo mwalimu! Tena namshuku, ana lake jambo."

"Mwalimu hata hanijui. Siku duara la kuchimbia dhahabu lilipomfukia kaka yangu kule Nyarugusu, wewe ulikuwa wapi?"

Miaka kumi na moja nimemsimulia kwamba nilichimba kwa kucha siku mbili, na kwamba kaka yake alikufa nimemshika mkono. Wasomaji, kaka yake aliniita kwa jina. Nilimsikia. Nikapanda kamba, nikakimbia.

Sasa ameita ndugu zake kutoka Bukombe. Jumamosi wanakuja nisimulie upya mbele yao, na amesema yeye hatauliza kitu, atanitazama tu. Nikisema kweli sina mke. Nikisema ile ya siku zote, safari hii atajua ni uongo. Ninyi mngekuwa mimi, mngefungua mdomo mseme lipi?