Mtungi wa Mama Mdogo

Likizo zangu za utotoni zilikuwa Ngomeni. Ndivyo sisi wa Newala tulivyouita ule mji wa kale ng'ambo ya Ruvuma, ulio ufukweni, uliozungukwa na ukuta mnene wa mawe. Mama mdogo, ndugu pekee wa mama, aliolewa huko na fundi cherehani. Shule ikifungwa, mama alinikabidhi kwa wachuuzi wa chumvi waliokuwa wakirudi kwao, tukateremka bondeni kwa miguu, tukavuka kwa mtumbwi.

Nilipenda juu ya ukuta. Jua likipungua tuliketi pale, mama mdogo na mimi, tukila mihogo ya kuchoma, mawe yakiwa bado na joto chini ya mapaja yetu. Ndani ya ua wake kulikuwa na kisima. Mimi nilinawa kwa maji ya kikombe kimoja, kama nyumbani, naye akicheka.

"Nawa, mtoto wa Newala! Hapa maji hayafuatwi bondeni."

Likizo ya mwisho, siku ya kuondoka, nilijaza kibuyu maji ya bahari nimpelekee mama. Niliona ni mengi na hayana mwenyewe. Mama mdogo akaonja, akatema.

"Chumvi yote wanayobeba wale wachuuzi haitoshi?"

Akayamwaga, akajaza ya kisima chake. "Mwambie dada anywe haya. Na mimi nitakuja kunywa ya kwake."

Mama aliyanywa taratibu, akiwa amekaa. Kisha akatenga mtungi mmoja, akaujaza, akaufunika kwa kifuu. Kwetu ulikuwa mzigo wa safari nzima, kwenda bondeni gizani na kupanda na ndoo kichwani. Maji yakikaa sana alitupa tufulie, akajaza mengine. Kuyanywa hakuna aliyethubutu.

Halafu vita vya Msumbiji vikaanza. Wachuuzi wa chumvi hawakuja tena. Walikuja wakimbizi, na mama akawa anakwenda kuwapokea njiani.

"Shikamoo mama," alimwamkia bibi mmoja. "Mmetoka upande wa Ngomeni?"

"Marahaba, mwanangu. Sisi wa bara. Huko hatukujui."

Alirudi, akaangalia mtungi, akapika.

Wakati wa Ujamaa tulihamishiwa kijijini, nyumba ya zamani ikabomolewa. Mama hakulilia nyumba. Alisema mdogo wake anaijua njia ile tu. Kwa hiyo mtungi tukauhamisha, lakini kila alipokwenda kuokota korosho alipitia kwenye uwanja wetu wa zamani na kuufagia, ili mtu akifika aone kwamba pana wenyewe. Jirani mmoja alimtania, "Unawafagilia nyani?" Mama akajibu, "Hata nyani hupokewa." Akaendelea kufagia.

Vita vilikwisha, Msumbiji wakapata uhuru wao. Tulingoja mwaka ule, na uliofuata. Waliotoka pwani walisema mtaa wa fundi cherehani hauna watu. Hakuna aliyesema amekufa, na hakuna aliyesema yu hai. Mama akaendelea kujaza.

Alikufa wakati wa kiangazi, bomba la kijiji likiwa limekauka. Wanawake waliokuja kumwosha walizunguka majirani, wakarudi na sufuria moja, haikujaa. Bibi aliyewaongoza akaondoa kifuu cha mtungi.

"Si haya hapa? Ya nani?"

"Ya mgeni," nikasema.

"Mgeni yupi, baba?"

Wote walikuwa wakinitazama, na mama alikuwa ndani akingoja.

"Yachukueni," nikasema.

Wakayachukua yote. Nilisikia yakimwagika nyuma ya pazia, mengi kuliko aliyowahi kujimwagia maishani mwake.

Baada ya matanga dada yangu aliuliza kama tuujaze mtungi tena. Uko pale pale pembeni, umefunikwa, nao ni mkavu. Wakati mwingine nikipita naugonga kwa kidole. Ule uwanja wa zamani umeota majani, sijaenda kuufagia.