Bori la Alhamisi

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho, na huko ndiko lilikobaki. Mkahawani alikuwa Pua, mtaani Pua, na hata mkewe akikasirika alimwita "wewe bwana Pua". Usidhani alikuwa na pua kubwa. Ilikuwa ya kawaida tu, tena ndogo ukiilinganisha na masikio. Jina alilipata miaka ishirini na miwili nyuma, wiki ya tatu tangu aanze kazi ya kujaza shisha, siku alipopaza sauti kutoka chumba cha mkaa, nyuma ya ukuta na mlango uliofungwa: "Meza ya dirishani, ondoeni kaa moja, tumbaku inaungua!" Wateja wakatazamana. Mvutaji mwenyewe alikuwa bado hajahisi kitu. Akavuta mara mbili zaidi, akakunja uso, akaomba koleo.

Kazi yenyewe watu huidharau. Wanaona mtu anatia majani kwenye kikombe cha udongo, anaweka moto juu, basi. Waache wajaribu, tuone. Kikombe hicho, ambacho wenye kazi wanakiita bori, hukaa kichwani mwa shisha, na ndicho kinachoamua kama saa nzima ijayo itakuwa starehe au adhabu. Pua aliichambua tumbaku kwa ncha za vidole, akatoa vijiti, akakamua asali iliyozidi, kisha akainyunyiza ndani ya bori kama mtu anayelisha kuku, bila kuishindilia hata kidogo, maana ikishindiliwa haipitishi pumzi. Juu aliacha nafasi ya unene wa ukucha, akavuta foili mpaka ikakaza, akaitoboa kwa sindano ya kushonea viatu, duara ndani ya duara. Makaa matatu, pembeni, si katikati. Hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu moto hautulii. Kaa likisinzia unalisogeza ndani, likichachamaa unalirudisha ukingoni, jivu unalikung'uta, na muda wote huo pua iko kazini. Kabla tumbaku haijaungua, harufu yake hubadilika kidogo sana, kwa pumzi mbili tatu tu. Asiyeisikia wakati huo, kosa lake huonekana usoni mwa mteja.

Mteja ambaye Pua alimwogopa alikuwa mmoja, Fundi, mshonaji wa suti mwenye duka milango miwili kutoka mkahawani. Kila Alhamisi saa tisa alasiri Fundi alifunika cherehani yake, akaja na utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni, akakaa kiti kilekile karibu na ukuta. Hakutaka ladha ya tufaha wala ya mnanaa. Hizo aliziita peremende za kuvuta. Yeye alivuta tumbaku nyeusi tupu, inayoloweshwa, ikakamuliwa, ikarundikwa kwenye bori, na makaa yakalazwa juu yake hivihivi, bila foili. Bori la namna hiyo huwezi kulipima kwa saa wala kwa jicho. Ni pua tu.

Na Fundi alikuwa mgumu, jamani. Moto ukizidi kidogo alilirudisha bori mbele za watu.

"Ndugu yangu, nimeomba tumbaku, umeniletea tanuri."

"Na wewe ile suruali uliyonishonea mguu mmoja mrefu, mimi niliirudisha?"

"Mguu wako ndio mfupi, bwana. Usisingizie kitambaa."

Bori likimridhisha hakusifu, alilimaliza tu. Liliporudi chumba cha mkaa, Pua aliligeuza juu chini kwenye ndoo. Likimwaga jivu jepesi, lisilo na hata jani moja bichi, alijua limevutwa mpaka mwisho, na siku hiyo alirudi nyumbani akipiga mluzi. Hivyo ndivyo walivyopendana, kwa miaka yote hiyo, bila kuambiana.

Kisha yakaja mafua. Yalimlaza Pua siku tisa, akapona, akaamka na kila kitu chake isipokuwa kunusa na kuonja. Hakugundua mwenyewe. Asubuhi ya kwanza alimimina maziwa kwenye chai, akanywa kikombe kizima, akaongeza cha pili. Mkewe akaingia, akasimama mlangoni.

"Baba wee, hayo maziwa yameharibika tangu jana. Hata paka kayakataa."

"Mbona yako sawa tu?"

Mkewe hakubishana. Alikwenda akaleta chupa ndogo, akaifungua, akamwekea chini ya pua. "Funga macho. Hii ni nini?"

"Maji," alisema Pua.

Yalikuwa mafuta ya taa. Mkewe akavuta kigoda, akakaa.

"Kamwambie Mama," alisema. Mama ndiye mwenye mkahawa, mjane wa sauti ya upole na macho yasiyopitwa na kitu. Wafanyakazi wote walimwita hivyo.

"Nimwambie nini? Kwamba Pua hana pua?" Alijaribu kucheka. Mkewe hakumsaidia.

Daktari alimwambia huenda ikarudi, huenda isirudi. Pua akaichukua ile huenda ya kwanza, akarudi nayo kazini, akafunga mdomo. Ungefanya nini? Alikuwa na miaka hamsini na sita, na umri wa kujifunza kazi nyingine ulikuwa umempita. Mama akijua, Pua amemwaga unga siku hiyohiyo. Basi akaanza kuishi kwa ujanja. Aliitazama saa ya ukutani, dakika saba kaa ndani, dakika kumi kaa nje. Aliupima udongo wa bori kwa mgongo wa mkono mpaka ngozi ikamchubuka. Aliuangalia moshi: mweupe mzito ni mzuri, ukianza kuwa mwembamba wa kijivu ni hatari. Kwa zile shisha za ladha mbinu hizi zilimvusha, si vizuri, lakini zilimvusha. Bori jeusi la Fundi ndilo lililomnyima usingizi, maana tumbaku ile huungua kimyakimya, na moshi wake haubadiliki rangi.

Alhamisi ya kwanza alilipanga bori lile, akalipeleka, akarudi kujibanza nyuma ya mlango. Fundi akavuta. Akalitazama bori, kisha akageuka taratibu akautazama mlango wa chumba cha mkaa. Pua roho yake ilikuwa mkononi. Halafu Fundi akarudisha mpira wa kuvutia mdomoni, akaendelea kuvuta. Saa nzima baadaye bori likarudi, Pua akaligeuza kwenye ndoo, likamwaga jivu tupu.

Alikaribia kulia kwa furaha. Mikono yangu ipo, alijiambia. Pua imekwenda lakini mikono ipo, inajua yenyewe.

Tangu hapo Fundi akawa ndiye kipimo chake. Siku nyingine zote aliishi kwa wasiwasi. Alhamisi aliligeuza lile bori, akaona jivu, akapata nguvu ya wiki nyingine. Na Fundi hakurudisha tena hata mara moja. Wala ule utani wa tanuri haukusikika tena. Walizungumza habari za vitambaa, za mvua, za magoti. Pua alidhani uzee umemlainisha rafiki yake. Sasa mtu ambaye miaka yote hakuwahi kukusamehe kosa dogo la moto, leo miezi minne hana neno, na wewe hushtuki? Lakini tusimcheke. Alitaka sana iwe kweli.

Mwezi wa tano tangu arudi kazini, malalamiko yakaanza. Vijana wawili wa meza ya dirishani walisema shisha chungu. Kesho yake bibi mmoja aliacha yake nusu, akaondoka bila kuaga. Alhamisi ilipofika, Mama alitoka nyuma ya kaunta, akapita katikati ya moshi wa meza zote uliochanganyika, akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha karibu na ukuta. Pua alikuwa amesimama palepale na koleo, akibadilisha makaa.

"Fundi, wewe ndiye mkongwe hapa," Mama alisema. "Niambie ukweli, tena mbele yake mwenyewe, nisije nikaonekana nasengenya. Mkono wa Pua umeharibika?"

Pua hakuinua macho. Kaa lilikuwa limening'inia kwenye koleo, likipauka, naye hakujua aliweke wapi.

Fundi akavuta, pumzi ndefu kuliko zote. Macho yakamlengalenga machozi. Akayafuta kwa ncha ya utepe wake wa kupimia.

"Moshi umeniingia jichoni," alisema. Kisha: "Safi. Kama zamani. Hao watoto wamezoea peremende, Mama, wakikutana na tumbaku wanalia."

"Basi," alisema Mama. "Fundi akisema safi, ni safi."

Pua alirudi chumba cha mkaa akitembea kama mtu aliyefutiwa kesi. Alisikia Fundi akikohoa huko nje, akakohoa sana, na hakuwaza chochote kuhusu kikohozi hicho. Hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye kuliko mengine yote.

Alhamisi mbili zikapita kiti kikiwa kitupu. Duka lilikuwa limefungwa. Ya tatu, mshona viatu wa jirani akaja kusema kwamba Fundi amefariki hospitalini usiku uliopita, kifua. Pua hakujua hata kama alikuwa mgonjwa. Alikwenda msibani, akabeba viti, akachota maji, akafanya kila alichoonyeshwa.

Baada ya wiki, watu walipotawanyika, alirudi kumsalimia mjane. Alimkuta sebuleni akikunja mashati ya marehemu, moja juu ya jingine, makali ya pasi yakiwa bado yamesimama.

"Karibu, shemeji. Kaa hapo."

"Pole sana, shemeji. Sina la kusema."

"Tumeshapoa." Akakunja shati jingine. "Na wewe, pua yako imerudi?"

Pua akaganda. "Pua gani?"

"Si hiyo yako. Mwenzako aliniambia tangu ile Alhamisi ya kwanza ulipotoka kuumwa. Alirudi hapa akasukutua mdomo mara tatu. Akasema, jamaa hasikii harufu tena, bori lote kaliunguza na hajui."

"Mwezi uleule daktari alikuwa amemkataza moshi," mjane aliendelea, bila ukali, kama mtu anayesimulia habari za nyumba. "Kifua kilikuwa kimeshachoka. Na angeacha, mimi namjua mume wangu, akisema naacha anaacha. Nikamwambia, basi nenda tu ukae na wenzako, unywe chai. Akaniambia, 'Nikikaa bila bori, Mama atauliza kwa nini. Nikilirudisha, jamaa amekwisha. Hana kitu kingine yule. Nitavuta mpaka pua yake irudi.' Tukagombana. Tulinuniana wiki nzima kwa ajili yako, shemeji." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likamshinda. "Sikulaumu. Mtu mzima alijua anachofanya. Nauliza tu, maana yeye alikuwa anauliza mpaka siku ya mwisho. Imerudi?"

"Haijarudi," alisema Pua, na hapo akalia, mtu mzima mbele ya mwanamke aliyefiwa, ikabidi mwenye msiba ndiye ambembeleze.

Alhamisi iliyofuata, saa tisa kasoro, alilowesha tumbaku nyeusi, akaikamua, akairundika kwenye bori lile la Fundi, akalaza makaa matatu juu yake. Alifanya kila kitu kama alivyokifanya miezi yote ile, hakuongeza wala kupunguza. Akalipeleka kwenye kiti cha karibu na ukuta, akaliweka mezani. Akavuta mwenyewe mara chache kuliamsha. Aliona joto kooni, basi. Hakupata ladha wala uchungu. Kisha akamwita Mama.

"Mama, naomba unuse."

Mama aliinama, akarudisha kichwa nyuma haraka, akaziba pua kwa kiganja. "Pua! Hili limeungua. Limeungua vibaya mno, hata moshi wake unakwaruza. Vipi leo?"

"Si leo. Ya Fundi yote yalikuwa hivi, tangu nilipougua. Sisikii harufu, Mama. Hata ya mafuta ya taa."

Mama alimtazama, akakitazama kiti. Wahudumu walikuwa wamesimama na sinia zao.

"Lakini Fundi alisema safi. Mbele yangu. Kama yalikuwa hivi, mbona hakurudisha hata moja?"

Pua alivua aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka mezani kando ya bori linalofuka.

"Hakurudisha," alisema. "Alilimaliza, Mama. Kila Alhamisi alilimaliza."