Masika Mama Alipokaa Eda Bustanini

Sweta la mtumba likilowa linanuka mbuzi. Watu wanaoniuliza utoto wangu wa Chumbageni ulinukaje hutaka niwaambie udi na asumini, na vyote hivyo vilikuwepo, sikatai. Lakini mimi nikifumba macho, kinachonijia kwanza ni beseni la nyuzi za sweta, povu la sabuni ya mche, na udongo wa uani kwetu uliopigwa na mvua ya kwanza ya masika. Mama alipenda masweta yale ambayo hakuna aliyeyataka sokoni, yaliyotoboka kwapani. Aliitafuta ncha ya uzi, akalifumua sweta zima, akaufua uzi na kuuanika. Ukikauka, mimi nilikaa mbele yake nimenyoosha mikono miwili, uzi umezungushwa mikononi mwangu, naye akiuvuta taratibu kutengeneza bonge, mpaka mabega yakaniuma na vidole vikafa ganzi. Kisha alichukua sindano zake, spoku za baiskeli alizozinoa kwenye saruji ya kizingiti, akafuma kofia za vichanga. Mgeni atacheka: Tanga na joto lile, kofia ya sweta ya nini? Na acheke. Kwetu mtoto mchanga hatolewi nje bila kofia na soksi za kufuma, hata jua liwe linachoma utosi. Kofia hizo ndizo zilizotulisha baada ya Baba kufariki.

Baba alifariki mwishoni mwa kiangazi, mimi nikiwa darasa la tatu na mdogo wangu Shabani bado ananyonya. Mama akaingia eda. Kwetu sisi Waislamu mjane hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hajitii manukato, hatoki bila dharura, wala haonani na wanaume wasio maharimu wake, yaani wale ambao sheria ingewaruhusu kumwoa. Alivaa shuka nyeupe, akakaa. Na matanga hayajapoa, kaka yake Baba, Ami Twaha, akaanza kuupima uani wetu kwa hatua. Alitaka kujenga vyumba vya kupangisha. Mirathi ilikuwa haijagawanywa, na Ami fungu hana, kwa maana marehemu ameacha mtoto wa kiume. Alilijua hilo vizuri sana. Ndiyo maana alikuwa na haraka: msingi ukishachimbwa na ukuta ukishasimama, nani atauvunja? Mama angerudishwa kwao Maramba na kofia zake, sisi wawili tungebaki kulelewa na Ami. Hayo niliyasikia kwa masikio yangu mwenyewe, akimwambia mkewe barazani kwetu, kama vile mimi nilikuwa kigoda. Nilikimbilia chooni nikalia huko. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya mazishi, kwa sababu Baba alikuwa ameshakwenda, lakini Mama nilikuwa naye bado.

Sasa, Ami Twaha alikuwa na ugonjwa mmoja. Alipenda kuonekana mcha Mungu kuliko watu wote wa mtaa. Siku ya hitma ya arubaini, baraza imejaa, wazee wamekwishakula na kahawa inazunguka, alisimama akakohoa. "Jamani, mke wa marehemu ndugu yangu atakaa eda kama ilivyoamriwa," alisema. "Tusiige ya siku hizi. Mwanamume yeyote asiye maharimu wake asivuke mlango wa nyumba hii mpaka eda iishe. Nimesema mbele yenu." Wazee wakaitikia, wakamsifu. Mama alikuwa nyuma ya pazia, Shabani yuko kifuani. Nilimwona akifungua mdomo, akaufunga, halafu akatabasamu. Sikumwelewa. Nilikasirika hata, nikawaza, huyu anafungiwa ndani anatabasamu nini?

Masika yakashuka. Mama ni mtu wa Maramba, kwao watu hawaoni mvua wakakaa. Asubuhi ileile alichukua jembe akaingia uani na shuka yake nyeupe. Uani wetu ulikuwa mpana, umezungukwa na ukuta mrefu, na hauna njia nyingine ila kupitia ndani ya nyumba. Alilima uani wote. Hakuacha hata pa kuweka kinu. Akasia mchicha, akapanda bamia, kunde, nyanya chungu na mnavu, na kando ya karo la kuoshea vyombo akachomeka vijiti vya mrihani kwa ajili ya harufu tu. Jirani yetu Mama Eliza, Mshambaa, Mlutheri, ambaye ndiye aliyemfundisha Mama kufuma na ndiye aliyezipeleka kofia sokoni wakati wa eda, alimletea mbegu ya kabichi kutoka Lushoto. Mama akacheka, kabichi ya milimani itaota wapi na joto hili. Akaisia hivyohivyo. Shuka ikawa nyekundu kwa udongo mpaka magotini. Alipomaliza kulima alitandika mkeka katikati ya matuta, pale hasa Ami alipokuwa amechomeka kijiti chake cha vipimo, akaegemeza mwavuli mkubwa kwenye kiti, akaanza kufuma.

Tofali zilishushwa mbele ya nyumba wiki hiyohiyo, na mafundi wakaja na sururu. Ami alinituma nikamwambie Mama aingie chumbani ajifungie mpaka kazi iishe. Nilikwenda, nikarudi na jibu, na nililisema kwa sauti ili mtaa usikie, kama nilivyoagizwa: "Mama anasema shikamoo. Anasema yuko eda nyumbani kwake, na uani ni nyumbani kwake. Anasema Ami mwenyewe alisema mwanamume asivuke mlango." Fundi mkubwa alikuwepo kwenye hitma. Alivua kofia, akasema astaghfirullah, akaweka sururu chini. Ami akasema basi ataingia yeye mwenyewe. Hapo sauti ya Mama ikatoka ndani, ya upole kabisa. "Karibu shemeji. Lakini shemeji naye si maharimu. Au ile ya barazani ilikuwa ya watu wengine?" Loo! Fundi aligeukia ukutani asionekane akicheka. Ami Twaha alisimama na mguu mmoja juu ya kizingiti, akatazama majirani walivyokwisha kujaa milangoni, akaurudisha mguu.

Tangu hapo vita vikawa vya ukutani. Ami alisimama nje upande wa njiani akipiga kelele, hamuoni Mama wala Mama hamuoni yeye, ila anaona nyuzi zetu zilizoanikwa juu ya kamba. "Nyuzi nyekundu! Mjane na rangi nyekundu!" Mama hakuinua kichwa. "Sizivai, shemeji, nazifuma." Kesho yake lalamiko likawa kwamba mkewe amemwambia shuka ya eda imejaa matope. "Ni udongo wa marehemu ndugu yako, shemeji, hautanidhuru." Alikuwa akijibu hivyo halafu ananong'ona kwangu, "Nyoosha mikono vizuri, uzi unajifunga." Alikaa pale tangu alfajiri mpaka magharibi. Mvua ikija alijikunyata chini ya mwavuli na Shabani mapajani, mtoto kavaa kofia ya kijani na ndiye peke yake aliyekuwa mkavu. Mimi nikitoka shule nilipalilia, nikachuma, nikabeba maji pale masika yalipokatika kidogo. Sijapata kufurahi vile tena, na nasema hivyo nikijua Baba alikuwa ametoka kufa. Nilikuwa naona mamangu anashinda. Mtoto akishaona kitu hicho, humtishi tena kirahisi.

Eda ilipoisha Mama alioga, akavaa dera jipya, akatoka kwa mlango wa mbele na moja kwa moja akaenda mahakamani kudai mirathi igawanywe. Wazee wa mahakama walipokuja kuukagua uani hawakukuta msingi wa kubishania. Walikuta bamia zimewapita vichwa. Ami alisema alikuwa na nia ya kuwasaidia yatima, mzee mmoja akamuuliza kwa tofali zipi, basi ikaishia hapo. Nyumba na uani vikabaki kwetu. Mama alinipa fungu la mchicha nimpe Ami wakati anaaga. Nikamwamkia kwa adabu zote, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Aliupokea. Angefanya nini, watu wanatazama. Kabichi ya Mama Eliza haikufunga hata moja, tuliila majani yake hivyohivyo.

Siku hizi ukipita mtaani kwetu huoni jani. Nyua zote zimekuwa saruji na fremu za maduka, na mchicha unauzwa kwenye mfuko wa plastiki mbele ya fremu hizohizo. Vichanga wanavaa kofia za dukani. Wananiambia mimi ni mkaidi, uani mzima kwa ajili ya bamia, na mikono yangu haiachi spoku. Ni kweli, mimi ni mkaidi, na sikujifunza ukaidi shuleni. Mama ametangulia mbele ya haki, uani tumeachiwa mimi na Shabani. Na masika haya yaliyopita, mtu aliyekuja na fundi na futi ya kupimia hakuwa mtoto wa Ami Twaha. Alikuwa Shabani, na kitambi chake. Alinikuta nimetandika mkeka katikati ya matuta.

"Dada, wewe si mjane, wala huna eda," alisema, nusu anacheka.

"Sina. Vua viatu, kaa chini, nyoosha mikono."

Alinitazama. Akautazama mkeka, akayatazama matuta ya mchicha, na kicheko kikamtoka usoni. Hawezi kuikumbuka ile kofia ya kijani, alikuwa mdogo mno, lakini alihadithiwa na Mama mpaka naye akawa anahadithia wanawe. Akavua viatu. Nikamzungushia uzi mikononi, mwekundu, nikaanza kuuvuta. Fundi akauliza kutoka mlangoni kama aingie au asubiri. Shabani akanyoosha mikono vizuri. Nikamwambia fundi aende zake.