Leo mama mkwe amenifunga manne

Leo mama mkwe amenifunga manne kwa moja. Msicheke kabla hamjamaliza kusoma.

Ni ule mchezo wa simu wa kuwa kocha wa timu ya mpira. Nilimfundisha mimi mwenyewe juma lililopita, nikidhani atachoka kukaa bure akija kututembelea kutoka Shela.

Baada ya chakula cha mchana akaniambia, "Haya baba, lete timu yako."

Nikaweka mbinu yangu ninayojivunia: timu nzima ipande, mpira tuwe nao sisi, na tukiupoteza tumkabe mtu hukohuko langoni kwake.

Kipindi cha kwanza, wallahi, mpira aliusikia tu. Nikafunga moja. Nikaanza kumhurumia, nikawaza nipunguze kasi kwa heshima ya ukwe.

Dakika ya sabini wachezaji wangu wote pumzi zimekwisha, kila jina lina alama nyekundu.

Timu yake ilikuwa imekaa nyuma, imetulia kama wageni wa harusi. Pasi moja ndefu, mshambuliaji wake yuko peke yake, goli. Akarudia hivyo hivyo mpaka yakatimia manne.

Na mkwe hapigiwi kelele. Nikainamisha macho, nikasema, "Hongera, mama."

Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, nyote mwatoka mbio kumfukuza mwivi, nyumba mwamwatia nani?"

Kweli, nyumba nilimwachia nani?

Anayetaka kunicheka anicheke hapa hapa, barazani kwetu mtaa wa Mkomani asinifuate.

Na kabla hamjauliza kipa alikuwa wapi: nilimwamuru naye apande.